Na Mabinti Wanne

Miaka sita sasa, kila Ijumaa,
napangusa kioo cha fremu hii
katika nyumba ya mawe waliyoiacha Waskoti, Njoro.
Juu kabisa, Lodi Ranulfu: ngome mbili, kondoo elfu.
Alitekwa vitani mwaka wa 1542,
akaachiliwa arudi kwao;
wanawe wawili wakabaki rehani
kwa mfalme wa Uingereza.
Mmoja alifia huko kwa homa.
Amechorewa msalaba mdogo, mzuri.

Wake watatu: huyu alileta shamba,
huyu mto wenye samaki,
wa mwisho hakuleta kitu, akazaa.
Chini yao, wino umefifia:
na mabinti wanne.
Basi. Wanne, kama mbuzi.

Jana, mahakamani Nakuru,
karani alisoma warithi wa baba:
Kiptalam, Kipyator, Kimaiyo.
Nikakohoa.
"Na mabinti," akasema, macho kwenye faili.

Leo nimekipulizia kioo pumzi hadi kikaingia ukungu,
nikaandika kwa kidole, chini ya Lodi:
Taprandich, Jesang, Chemeli,
na langu.

Kitambaa kilikuwa begani.
Nikaenda kuosha madirisha.