Daftari la Busingiro

Abwooli Kabagenyi anaugonga mkangazi
kwa mgongo wa panga:
ngo, ngo, kisha bu,
sauti ya mtungi mtupu.

Uyoga umeota ubavuni,
masikio magumu, rangi ya chai ya maziwa,
yaliyosikiliza mvua za Budongo
tangu baba yake akiwa kibarua wa mbao.

Mlangoni mwa pango la shina
buibui ametanda uzi,
mayai kayafunga kwenye kifuko cheupe, kakaa juu yake.
Chini ya gome, utitiri,
wadogo kuliko nukta.

Kopo la rangi nyekundu li wazi.
Brashi inadondosha tone.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu hatapona.
Pumzi za Kabagenyi zinautikisa utando.

Anafunga kopo.
Kwenye safu ya hali anaandika:
Mgonjwa. Ana wageni.