Bafu la Shingoni

Mlimani wanaliita bafu.
Mama mkwe aliposikia jina hilo
aliweka kikombe chini. "Mwanangu,
mtu anavaaje bafu shingoni?"
Tulicheka mpaka chai ikapoa.
Ni kitambaa tu, mama, mrija wa kitambaa,
kichwa kinaingia huku kinatokea kule,
ukikivuta juu kinafunika pua
na vumbi la Shira linabaki nje.

Aminieli anayo manne:
la bluu, la mgeni mmoja aliyelia njia nzima ya kushuka Mweka,
la kijani, mtumba wa Kiboriloni,
elfu moja baada ya kuvutana sana,
la kampuni, nembo imeanza kubanduka,
na hili la kijivu.
Hili nitalisema baadaye.

Akishuka, siku ya sita au ya saba,
mzigo mlangoni, yeye bafuni (bafu lenyewe, la maji),
mimi huyageuza ndani nje.
Jasho limekauka, limechora chumvi,
kuna kamasi, kuna moshi wa hema la jikoni,
na lile vumbi laini kama unga wa ulezi.
Beseni dogo. Maji ya baridi.
Sabuni ya mche, nakwangua kidogo kwa kisu.
Jiki hapana. Jiki hula mnyumbuko wa uzi kimyakimya
kama deni la dukani.
Sikamui kwa kunyonga. Nayabana ndani ya taulo,
nayapigapiga kama mtoto anayetaka kucheua.

Kamba ya uani naiachia mashuka.
Jua la Pasua saa saba mchana halina adabu,
linakunywa rangi.
Haya nayaanika nyuma, ukutani, kivulini,
na Ndeshi nimemkanya:
si ya kufungia nywele.
(Hufungia nywele.)
Yakikauka siyakunji. Nayaviringisha
kama chapati za safari,
nayapanga kwenye kopo la biskuti
lililobaki harusini kwetu,
na karafuu tano,
maana nondo hajui kwamba hii ni kazi ya mtu.

Sasa la kijivu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa sikujua.
Nilitaka apande akionekana ana mke.
Nikawasha pasi ya mkaa, nikapuliza,
nikapiga shati, suruali, soksi,
ndiyo, soksi,
na bafu.
Likajikunyata lenyewe chini ya mkono wangu,
likatoa harufu ya kandambili iliyoungua.
Tundu. Ncha ya pasi, kama punje ya harage.
Nililikunja, tundu likaenda ndani,
nikanyamaza.
Aliondoka alfajiri.

Usiku ule, juu ya Barafu,
upepo ulilijua tundu
kama jirani anayejua dirisha lisilofunga.
Alirudi na doa jeusi chini ya sikio,
kama punje ya harage.
Nikamuuliza.
"Baridi imenibusu," akasema.
Mpaka leo hajaongeza neno.

Doa lilibambuka, likawa la waridi,
sasa linakaribia rangi yake.
Gizani nalipata kwa kidole gumba
bila kutafuta.

Bafu nililitia kiraka cha fulana yangu ya shule,
mshono mbaya, uzi mweupe kwa sababu ndio uliokuwepo.
Yale matatu anayavaa kwa zamu.
Hili hulisukuma chini kabisa ya begi, kila safari.
La nini hilo? namuuliza.
La akiba.

Ni Aprili. Mlima hatujauona wiki mbili, mawingu tu,
wageni hakuna, Aminieli anachimbia watu mitaro huko Rau.
Leo nimefungua kopo lipate hewa.
Karafuu zimekuwa vijiti tu, hazinuki,
nitanunua nyingine.
La kijivu nimelivaa kwenda mashineni,
unga unarushwa kila upande,
na mwenye mashine akaniona, akacheka:
"Mama Ndeshi, unapanda lini?"
Sikumjibu. Kiraka kilikuwa kimekaa
chini ya sikio langu, kinakwaruza kidogo.

Nikifika nyumbani nitaligeuza ndani nje.
Maji ya baridi.