Vikombe Viwili

Dumu la lita tatu hushuka kutoka Uru
nyuma ya pikipiki ya Kileo,
limefungwa kwa mpira, mfuniko umezibwa kwa nailoni,
maziwa bado yana joto la kiwele.
Mama hakosi. Hata mvua za Aprili
zilipokata barabara kule juu
yalifika, yamechelewa, yameanza kuganda,
na salamu ileile: Aikaruwa ashibe.

Akashiba.
Chupa ya asubuhi, chupa ya saa nne,
chupa akilia, chupa akicheka,
chupa ya kulalia.
Ugali akautema. Mtori akaugeuzia shavu.
Nasi tukasifu: tazameni mapaja,
tazameni viganja vilivyofungwa kwa uzi wa mafuta!

Mimi ni mtu wa kiwanda cha sukari, zamu ya usiku.
Narudi na ukoko wa utamu kwenye kola,
naye hunilamba shingo kabla ya shikamoo.
Kwa hiyo juisi ya boksi niliiona jambo dogo,
zawadi ya baba, na mrija wake,
na picha ya embe lisilowahi kuona mwembe.

Kisha kliniki, Pasua, mwezi Mei.
Mwaka mmoja na miezi minane.
Nesi Mkunde hakutazama mapaja.
Alivuta kope ya chini kwa kidole gumba
akanyamaza.
Nikachungulia: peupe,
kama ganda la ndizi upande wa ndani.

"Anakunywa maziwa kiasi gani?"
Nikajibu kwa fahari, nikihesabu chupa kwa vidole,
vikaisha vya mkono mmoja.
"Baba Aika, maziwa ni chakula, si godoro.
Tumbo zima limelala juu yake,
nyama ikae wapi? Mnafu ukae wapi?
Damu itokane na nini?"

Akatoa kikombe kwenye droo,
cha kijani, mpini umeng'oka.
"Viwili vya hiki. Kutwa nzima. Chupa katupe.
Juisi asipoijua hatalalamika.
Chungwa lenyewe mpe, alitafune, meno anayo."
"Na maji?"
"Maji hayana ugomvi. Chemsha, pooza,
akiona kiu mpe."

Jioni nilibonyeza namba ya Mama, nikakata.
Nikabonyeza tena.
Unamwambiaje mtu aliyekulea kwa kiwele
kwamba kiwele kimezidi?

"Kwa hiyo ng'ombe wangu ana sumu."
"Hapana, Mama."
"Ninyi sita mlikua kwa nini? Kwa mvuke?"
"Tulikula na kiburu, Mama. Ulitupiga tule."
Kimya. Nikasikia panga likishuka kwenye mgomba,
ng'ombe akipumua karibu na simu.
Akakata.

Wiki hiyo Aikaruwa alitufungulia kesi.
Alikirusha kikombe mpaka kwa jirani.
Alilala chini mbele ya kabati la chupa,
akabisha hodi, akabisha hodi,
mama yake akalia chooni asionekane,
nami nusura niifukue ile moja
niliyoificha kwenye buti la kazini.
(Niliificha, ndiyo. Sikuitupa.)
Siku ya nne alikuta maji ya kuoshea mnafu kwenye beseni
akainama akayanywa kama mbuzi,
akainua uso, kidevu kinachuruzika,
akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliomficha.

Jumamosi Kileo akashusha dumu. Jepesi.
Lita moja, labda na robo.
Kando yake, kwenye jani la mgomba, mnafu wenye umande,
na noti ya elfu tano imekunjwa mara nne.
"Bibi kasema mengine anauza.
Hiyo ni ya maini.
Kasema usimpigie, bado amekasirika."

Sasa kila nikirudi, kabla sijavua viatu,
namketisha mlangoni, navuta kope.
Anacheka, anadhani ni mchezo,
naye ananivuta yangu.
Leo nimeona wekundu,
au ni jua tu lilikuwa linatoka.