Sahani ya Kumi na Saba

Udongo huu nimeuchota shambani kwa kaka,
ukingoni mwa shayiri, karibu na mto Lielupe,
Novemba, kabla ardhi haijakataa sepetu.
Kijiko kimoja.
Arvids alisimama kando, mikono mifukoni,
akaniuliza kama nimekosa kazi.
Nikamwambia kijiko hiki kina wakazi wengi
kuliko Jelgava, kuliko Riga, kuliko nchi nzima.
Akasema: kawahesabu basi,
mimi nina ng'ombe wa kukama.

Ndiyo kazi yangu, kuwahesabu.

Hapa saa kumi alasiri ni usiku.
Nimewatandikia uji wa mwani ulioganda,
sahani ishirini na nne za kioo.
Kumi na mbili za mwanzo ziko chini ya taa ya buluu.
Zilizobaki nimezifunga kwa foili,
ile ile ninayookea samaki Jumamosi.
Skaidrite, mwanafunzi wangu, anacheka:
umezifunga kama mikate ya safari.

Siku ya nne tukafungua.
Gizani, neema. Madoa meupe tele,
kama unga uliomwagika
na hakuna aliyeona haya kuuacha,
na ile harufu, unaijua,
ya vumbi likipigwa na tone la kwanza.
Watu husema mvua inanukia.
Si mvua. Ni hawa.

Mwangani, kimya.
Kila spora punje kavu,
mlango umekomewa kwa ndani.
Na chache zilizothubutu kutoka
zimejipaka manjano mwili mzima,
kama mtu anayevaa koti
ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wapo wanaoota jua.
Hawa wa kijiko hiki huota gizani.

Sahani ya kumi na saba iliharibika.
Foili ilichanika, tundu la ncha ya pini,
na mwanga, usiojua hodi, ukaingia,
ukanyoa upara katikati ya weupe.
Pembeni, pete ya manjano, nyembamba.
Tuitupe, akasema Skaidrite,
itatuchafulia hesabu.
Nikamwambia iache.
Hakuuliza kwa nini, nami sikuwa na jibu.

Tangu Mirdza azikwe, mwezi wa tatu,
kaka hajafungua mapazia ya upande wa barabara.
Majirani huja na mkate wa kisibiti,
huja na ushauri:
fungua, Arvids, mwanga utakuponya.
Nami nilisema hivyo. Nilisema kuliko wote.
Mwezi Juni, siku zile jua haliendi kulala,
niliyavuta mapazia yote kwa mkupuo mmoja
nikayafunga kamba, fundo mbili mbili,
nikageuka nikitegemea shukrani.
Aliinuka taratibu.
Akavaa koti.
Nikadhani anaumwa. Nikachemsha chai.

Sasa nimezima ile ya buluu.
Nimewasha taa nyekundu, ndogo, kama kaa linalokufa,
ambayo hawa hawaijali,
na chini yake nahesabu, kidole juu ya kioo,
midomo ikitembea.
Kumi na nne: mia mbili na sita.
Kumi na tano: mia moja tisini, labda na moja.
Kumi na sita nimeirudia mara tatu,
macho haya yana miaka hamsini na nane.
Kumi na saba: nimeandika «imevuja»,
kisha nikachora lile duara daftarini, kwa penseli,
kwa ukubwa wake halisi.

Jumamosi nitampelekea samaki ndani ya foili.
Sitagusa pazia.
Nitakaa upande wa jiko, niulize habari za ng'ombe,
yule mwekundu aliyekuwa akichechemea.
Na akikumbuka kuniuliza
wako wangapi, wale wa kijiko chake,
nitamwambia sijamaliza.
Nitamwambia wanaota, kaka.
Bado wanaota.