Miguu Minne

Saa tano asubuhi, Alkhuweir, Jumatano ya mwezi wa saba,
lami imeshaanza kulainika kwenye maegesho,
Bi Shinuna akafika mlangoni na mbwa aliyevaa viatu.
Viatu vinne, vya mpira, vyekundu,
kama vya mtoto anayepelekwa chekechea.

Anwarul, mlinzi, akanyoosha mkono:
Mama, mbwa hapana.
Naye, uso umeelekea pasipo na mtu, akajibu taratibu:
Huyu saa hizi si mbwa. Yuko kazini.
Nikimvua huu mkanda ndipo atakuwa mbwa,
atakurukia, atakulamba, utajuta.
Sasa ni macho yangu, na macho hayaachwi nje.

Mimi nilikuwa dirisha namba nne,
nagonga mihuri ya watu wa pensheni.
Nimelelewa na mama wa Mkoani
aliyehamia Maskati na sufuria mbili na hofu zake zote.
Mbwa akipita uchochoroni tulikusanya nguo;
akigusa ndoo, ndoo ilisuguliwa kwa mchanga
huku tukihesabu kwa sauti hadi saba.
Kwa hiyo nilipomwona nilivuta miguu chini ya meza.
Sikatai. Niliivuta.

Lakini ukutani, juu ya kichwa cha Anwarul,
lipo tangazo letu wenyewe, lina fremu, lina muhuri:
Mwenye ulemavu ataingia na msaidizi wake.
Nimelifuta vumbi miaka sita bila kulisoma.
Bi Shinuna, asiyeona, ndiye aliyenisomea,
neno kwa neno, kwa Kiarabu,
kisha kwa Kiswahili alipoisikia lafudhi yangu:
Mwanangu, haikuandikwa msaidizi awe na miguu mingapi.

Nikatoa fomu.
Jina la msaidizi: Tosha.
Umri: miaka minne na nusu.
Uraia. Hapo kalamu ikasita.
Kazaliwa ng'ambo, kafunzwa ng'ambo,
analala Mawaleh, anakula Mawaleh.
Nikatazama foleni: wangapi humu wana jibu fupi kuliko hilo?
Nikapiga mstari.
Uhusiano na mwombaji:
Bi Shinuna akafikiri kidogo. Andika, ananivusha.

Bwana Mundhir akairudisha na wino mwekundu.
Msaidizi hajatia saini.

Alidhani amefunga mlango.
Haki nyingi hufa hivyo, hakuna aliyezikataa,
kimebaki kisanduku kimoja kitupu.
Nikachukua kidau cha wino, kile cha dole gumba,
nikazunguka meza, nikapiga magoti kwenye vigae
mbele ya mbwa.
Kiatu kimoja kikavuliwa.
Pumzi yake ilikuwa ya moto, ina harufu ya samli iliyolala.
Mguu ukakaa kiganjani mwangu
mzito, mtulivu, kama mkono wa mgeni anayekusalimu
na hana haraka ya kuutoa.

Jioni niliosha mara saba, mojawapo kwa mchanga
niliouchota kwenye mtungi wa mnanaa wa mama.
Najisi, kama ilikuwapo, ilitoka.
Wino ulibaki kwenye kucha hadi Ijumaa.

Fomu ipo ghorofa ya tatu mpaka leo.
Imeitiwa kikao; kikao nacho kimeitiwa kikao.
Bi Shinuna huja kila Jumatano.
Akimkuta Anwarul, anaingia.
Akikuta mlinzi mwingine, anabaki nje
kwenye kivuli chembamba cha mashine ya pesa,
nami namtolea faili na maji,
gilasi moja, bakuli moja.
Siku hiyo nikajisifu: Lakini sisi hapa tunakujua, Bi Shinuna.
Akanywa kwanza.
Ndilo tatizo, akasema. Nataka niingie
siku ambayo hapana anijuaye.

Mfagizi amesugua kwa sabuni, kwa siki, kwa kisu.
Alama za buluu za mguu mmoja bado zipo,
toka dirisha langu mpaka mlangoni.
Wageni hudhani tumezichora sisi, kuonyesha foleni ilipo.
Wanajipanga juu yake.