Dodoso, Soko la Kadutu

Swali la nne: tangu mpaka ufungwe,
unanunua zaidi, vilevile, au pungufu?
Nina kalamu ya bluu na barakoa ya kitenge
aliyonishonea shangazi; inanuka mafuta ya cherehani.

Nsimire anapima sambaza kwa kikombe cha bati.
Kikombe ni kilekile, ananiambia,
ila kidole gumba siku hizi kinaingia ndani.
Hiyo utaiandika wapi?

Swali la saba: unaamini ugonjwa upo?
Asubuhi naamini.
Mteja akikohoa naamini sana.
Jioni nikihesabu faranga
siamini hata chembe.
Andika na saa.

Fomu haina saa.

Cibalonza wa sabuni anacheka kwa macho tu.
Mche aliokuwa akiukata vipande vinne
sasa anaukata sita, kwa uzi, polepole,
kama mtu anayegawa urithi wa marehemu mwenye deni.
Redio inasema tunanawa kuliko zamani, anasema.
Labda. Au povu limekonda.
Namwomba achague jibu moja.
Anachagua kumhudumia mteja.

Mvua inateremka na tope la mlimani,
karatasi inalowa mkononi mwangu,
wino wa "vilevile" unamwagikia "pungufu".

Nikifunga mkoba Nsimire ananishika mkono
(hata yeye anasahau, kisha anauachia):
na wewe mwenye kuuliza,
wewe leo umenunua nini?

Nakitazama kikombe.
Nipimie, nasema.

Anatoa kidole gumba.