Sababu ya Kurudishwa

Kasumbalesa hawaruhusu kufungua.
Unaizunguka paleti kama mtu anayenunua ng'ombe usiku,
unagonga kwa kidole, unasikiliza,
unavuta plastiki nyeusi iliyofungwa mara tisa,
mwenye ghala anakohoa, unaachia.
Dola mia sita na arobaini.
Pesa ya likelemba, zamu yangu,
niliyoingoja miezi kumi na mmoja
nikiwapigia makofi wenzangu wakipokea.

Lori lilitufikisha Katuba saa tano usiku.
Umeme ulikuwa umeshakwenda.
Ngalula alishika tochi, Kyungu alishika kisu,
mimi nilishika tumbo.

Pasi kumi na moja.
Birika la mfuniko uliopasuka.
Viatu vya kukimbilia: cha kushoto namba arobaini,
cha kulia arobaini na mbili.
"Katanga nzima," alisema Ngalula,
"haikosi mtu wa miguu hiyo."
Kisha sanduku lenye picha ya kamera,
kamera ya watu wa harusi, ya bei,
moyo ukanipanda hadi kooni,
na ndani yake
tofali.
Tofali zima, jekundu, limeviringishwa gazeti
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Kumbe huko nako wezi wapo,
wezi wa subira, wanaopima uzito kwanza.

Kila kitu kilikuja na karatasi yake.
Kyungu aliielekezea simu, simu ikasema Kifaransa,
yeye akatushushia polepole:
Ina kelele.
Rangi si ile.
Tulizawadiwa mbili.
Nimebadili nia.

"Nimebadili nia!" Ngalula alirudia,
akaketi juu ya ubao wa paleti.
"Mtu ana nia ngapi nyumbani kwake?"

Haifanani na picha.

Hiyo niliichukua, nikaikunja, nikaitia kwenye kitenge.
Mimi nilirudishwa mtaa huu huu
mwaka wa pili wa ndoa, Jumanne asubuhi,
godoro na sufuria nne juu ya mkokoteni.
Karatasi haikuwapo.
Baba mkwe alisema tu: mtoto wenu huyu hapa.
Na watu wa kwetu
wakahesabu sufuria.

Kulipokucha, kutoka lupango yetu
mlima mweusi ulikuwa palepale,
mavi ya shaba waliyoyamwaga miaka na miaka
mpaka wengine wakaja kuyanusa, wakayachota
na kuyapakia kwenye malori, usiku na mchana.
Sikusema kitu. Niliosha pasi kwa ndimu.

Nane zilipasha moto vizuri.
Katika tatu zilizokufa Kyungu alifufua moja.
Birika alilichukua muuza kahawa wa Kamalondo,
akalifunika kwa kisahani, biashara ikaendelea.
Viatu vilinunuliwa na kipa wa timu ya mtaa:
mguu wa kulia ndio wa kupiga, alisema,
uacheni ukae kwa nafasi.

Toa lori. Toa forodha.
Toa askari wawili wa kizuizi, na wa tatu
aliyetokea tulipokwisha kuwalipa wawili.
Toa betri za tochi, toa jasho la Kyungu.
Dola sabini na tatu.
"Hasara iliyovaa shati," alisema Ngalula,
lakini alizihesabu mara mbili.

Tofali halikupata mteja.
Liko chini ya mguu wa kitanda changu,
ule uliokuwa mfupi.

Jana mama mmoja alirudi, pasi chini ya kwapa.
Akaiweka mezani, akatazama pembeni.
Nikamuuliza: imeharibika?
Hapana.
Rangi?
Hapana.
"Umeme," akasema. "Wiki ya tatu sasa.
Nimerudia ile ya makaa."

Nilimpa franga zake, pungufu kidogo.
Halafu nikatafuta kalamu,
nikakata kipande cha boksi,
na kabla ya kuipanga pasi pamoja na nyingine
nikaiandikia.